Shimo Chini ya Kitanda cha Télesphore

Télesphore Kashemwa hakuuamini udongo. Wengine watawaambia kwamba hakumwamini kapita, mkubwa wa mtaa, wala Wazungu wa ofisini kwake, wala hata mke wake, na ni kweli hao wote aliwatazama kwa jicho la pembeni. Lakini ninyi mnaonisikiliza, anzeni na udongo. Mengine yote ya maisha yake yalitoka humo, pamoja na ile Jumapili ya Agosti ambapo nusu ya mtaa wetu wa Kadutu, hapa Bukavu, ilisimama mlangoni pake na fimbo mkononi.

Alizaliwa upande wa Mudaka, katikati ya migomba. Mapadre wakamfundisha kusoma, kuhesabu, na kuchora mito yote ya Ubelgiji bila kutazama kitabu, mito ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kunawa maji yake. Vita ya pili ya Wazungu ilipokuja aliandikwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, akapelekwa mbali, hadi Abisinia. Huko serja mmoja Mzungu wa kikosi cha wajenzi alimkuta amechuchumaa, anachora daraja mchangani kwa kijiti. Serja akalitazama lile daraja, akazunguka akalitazama kwa upande wa pili, kisha akamwambia aweke bunduki chini aje ashike rula. Ndipo Télesphore alipojifunza kutumia timazi na pimamaji, na kusoma karatasi ambayo ndani yake nyumba imelala kabla ya kusimama.

Siku moja, katika mvua za huko, serja alimwuliza kama ukuta wa handaki walilokuwa wanachimba utashika. Télesphore aliupiga kwa kisigino cha kiatu, akasikia ugumu, akajibu: "Utashika, chef." Ugumu ulikuwa wa juu tu. Ndani maji yalikuwa yamekwisha kupita. Mchana ule ukuta ulilala juu ya watu wa kampani yake, nao wamekaa chini wanakula. Walipowafukua kwa mikono, mmoja alikuwa bado amekumbatia bakuli lake. Serja hakumlaumu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkaa kifuani, maana mtu akilaumiwa angalau anaweza kujitetea. Alirudi Congo na medali, akaifunga ndani ya soksi kuukuu, na hakuna aliyewahi kuiona shatini mwake.

Bukavu ilimpa kazi ya desinatere, mchoraji wa plani, katika ofisi moja ya majengo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: Mzungu anachora, Télesphore anatandika karatasi laini inayopenya mwanga juu ya mchoro ule, anaufuata mstari kwa mstari kwa wino. Chini ya mkono wake zilipita nyumba nyingi za Nguba, mtaa wa Wazungu, zenye baraza zinazotazama ziwa na vyumba vya kuogea vyenye dirisha kubwa kuliko mlango wa nyumba ya babake. Kumwita arkitekti, hapana. Miaka ile jina hilo halikuvaliwa na mtu mweusi. Bosi wake alimsifu kwa mkono usiotetemeka, na jioni alimpekua mifuko ya koti asije akaondoka na penseli. Mtu aliyeshika bunduki kisha akashika kalamu, yule bosi hakujua amwogope kwa kipi.

Huku Kadutu lakini walimwita Papa Plan. Aliyepata kiwanja, parcelle kama tunavyosema, alikuja kwake jioni na chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, kwapani. Naye Télesphore hakuuliza unataka vyumba vingapi. Alikuja na beleshi, akachimba shimo kwenye parcelle yako, refu kumzidi kimo, akalifunika kwa mbao na kuliacha mvua zinyeshe. Kisha alirudi, akashuka, akakaa humo juu ya kigoda. Alinusa. Alifinyanga donge, akaliweka kwenye ulimi. Wenye parcelle walisimama juu wakitazama upara wake.

"Papa Plan, miye niliomba nyumba, weye unanichimbia kaburi?"

"Nyumba yako itasimama juu ya nini, maman?"

"Juu ya parcelle yangu! Kapita alinipa."

"Kapita alikupa juu. Chini hata yeye hakuona."

Watu walinung'unika, lakini walingoja. Bukavu, mnajua wenyewe, imekaa juu ya milima isiyotulia. Mwaka huu njia iko hapa, mwaka kesho imeshuka kidogo bila kuaga. Na nyumba za Papa Plan zilikuwa zinasimama.

Mara moja tu alifanya haraka, na mara hiyo ilikuwa kwa nyumba yake mwenyewe. Parcelle za mteremko ulio juu ya kijito ziligawanywa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, na kapita Xavier, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akatangaza kwamba asiyesimamisha ukuta kabla ya mvua atanyang'anywa. Télesphore alichimba, akakuta shimo kavu, safi, udongo mwekundu unaokatika kama mkate. Alijua kwamba shimo la kiangazi haliwezi kusema kitu kuhusu maji. Lakini Colombe, mke wake, alikuwa amechoka kukaa katika nyumba ya kupanga, mvua zilikuwa karibu, na udongo ule ulikuwa mzuri kwa macho. Akajenga. Majirani walipoona Papa Plan mwenyewe amejenga, nani angeogopa tena? Wakamwomba nao awachoree, safu nzima ya mteremko, na wa kwanza alikuwa Jean-Baptiste, mpakiaji wa mizigo bandarini, ambaye nyumba yake ilikaa chini tu ya ile ya Télesphore, hata ukimwaga maji ya kunawa kwa Colombe yalimfikia Jean-Baptiste mlangoni, na matusi yake yakapanda.

Miaka michache ikapita vizuri. Halafu Colombe akapata mimba, na mama yake akasisitiza mtoto azaliwe Kavumu, kwao. Alipoondoka mvua zilikuwa kali. Télesphore, peke yake nyumbani, akasogeza kitanda kutafuta kiatu, akaona ukutani ufa mwembamba kama uzi.

Alichimba papo hapo, ndani ya chumba, kando ya msingi. Kadiri alivyoshuka ufa uliongezeka, na kwenye mawe ya chini kabisa kidole chake kiliingia. Akafanya kama walivyomfundisha jeshini: akabandika vipande vya kioo kwa simenti, kukatiza ufa. Kioo kikibaki kizima, nyumba imetulia. Kikivunjika, nyumba inatembea. Akafunika shimo kwa mbao, mkeka juu ya mbao, kitanda juu ya mkeka. Udongo uliotoka alifyatulia matofali, akamjengea mke wake jiko jipya uani. Colombe aliporudi na mtoto mgongoni, alilia kwa furaha. Jiko zuri namna ile hakuna mke wa mteremko aliyekuwa nalo. Kuhusu chumbani aliambiwa jambo moja tu: asifagie chini ya kitanda, kuna dawa ya mchwa.

Mtauliza, kwa nini hakusema? Fikirini kidogo. Kama nyumba yake inatembea, basi zote zilizo chini yake zinatembea, na wenyewe waliingia humo kwa sababu walimwona yeye ameingia. Angesema nini? Kila alipofungua mdomo alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu utashika, chef. Akajiambia angojee kioo. Kioo kikavunjika. Akabandika kingine, akajiambia ni mvua, angojee kiangazi. Na kila Jumapili, Colombe akiwa misa, alifunga mlango wa chumba, akashuka.

Mwaka ule, ndugu zangu, habari ya batumbula ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Batumbula, walisema, ni watu weusi kama sisi, waliotumwa na Wazungu kukamata wenzao. Wanachimba shimo ndani ya nyumba, wanalifunika kwa mkeka, mgeni anakaribishwa kukaa, anazama. Siku nyingine unamkuta dukani ndani ya kopo. Msicheke. Tuliishi na watu walioweza kuhamisha mtaa mzima kwa karatasi moja. Mwenye kuweza hilo, nani angeapa kwamba hawezi lingine?

Na katika mwaka huo huo Colombe alisimama kwenye bomba la maji na rafiki yake Bibiane, mke wa Jean-Baptiste, akatua mzigo uliokuwa moyoni.

"Bibiane, bwana yangu anafungaka chumba kila dimanche."

"Iko na mwanamuke?"

"Mwanamuke atapita wapi? Lile dirisha hata paka haipite."

"Basi anafanyaka nini?"

"Sijue. Nikitoka misa, nakuta magoti yake iko na udongo."

Bibiane aliacha ndoo ikajaa, ikamwagika, ikaendelea kumwagika. "Udongo? Ndani ya nyumba?"

"Usiseme kwa mutu, Bibiane."

"Miye? Nitasema kwa nani?"

Alisema kwa Jean-Baptiste. Jean-Baptiste alisema bandarini. Juma halijaisha, akina mama walikuwa wanawavuta watoto wao wasikanyage uani kwa Papa Plan, na waliokuwa wamemwagiza plani wakaanza kusema kwamba kwanza wangoje, hakuna haraka. Mashimo yake yote ya miaka yote yakakumbukwa upya. Lile la parcelle ya mjane mmoja, mbona alilifunika kwa mbao? Na Mzungu wake, mbona anampekua mifuko kila jioni? Anatafuta penseli kweli?

Télesphore aliona. Mtu wa jeshi anaona. Salamu zilikuwa fupi, macho yalimshuka hadi magotini. Lakini alielewa kwa njia yake: alidhani wamejua habari ya ufa. Akazidi kununa, akaanza kutembea kando ya njia, na waliomwona anatembea kando ya njia wakasema, mnaona?

Jumamosi jioni Jean-Baptiste alimsimamisha kwenye kona ya kijito.

"Papa Plan, miye najua iko nini chini ya nyumba yako."

Télesphore alitazama nyuma na mbele ya njia. "Nani alikuambia?"

"Kumbe ni kweli!"

"Jean-Baptiste, tafazali. Usiseme kwanza kwa batu. Niache nipate hakika."

"Hakika ya nini?"

"Ya siku. Nikijua tu, weye utakuwa wa kwanza."

Jean-Baptiste, mtu anayebeba magunia ya kahawa mgongoni kama wengine wanavyobeba koti, alirudi nyuma. "Miye? Wa kwanza?" Na mara moja akakumbuka kwamba mke wake anamngoja.

Kesho yake, baada ya misa, walikuja. Kapita Xavier mbele, Jean-Baptiste nyuma yake, kisha wanaume wenye fimbo, kisha wanawake, Bibiane akiwa ameshikana mkono na Colombe kama mtu anayemsindikiza mfiwa. Télesphore alikuwa ametoka tu chumbani. Magoti yake hayakuwa na haja ya kuelezwa.

"Papa Télesphore," Xavier akaanza, "batu banasema. Miye siseme. Ni batu."

"Banasema nini?"

"Banasema ndani iko shimo."

Télesphore alimtazama Jean-Baptiste, kisha mke wake. Colombe ndiye aliyesukuma mlango.

"Ingieni. Na miye nataka kuona fasi ninalalaka."

Wanaume wanne wakabeba kitanda. Wakavuta mkeka. Wakaona mbao. Walipoinua ubao wa kwanza na weusi wa chini ukaonekana, chumba kilitapika watu. Waliokuwa ndani walitoka, waliokuwa nje wakakimbia hadi njiani, na Bibiane akawa anapiga kelele, "Niliwaambia! Si niliwaambia!"

Xavier alibaki mlangoni, maana kapita hakimbii, ingawa mguu mmoja ulikuwa nje. "Nani atashuka aangalie?"

Wenye fimbo wakazitazama fimbo zao.

"Nitashuka miye," akasema Télesphore.

"Apana!" akaitikia mtu kutoka njiani. "Yeye anajua mulango yake ya pili!"

Colombe alifungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akampa Bibiane mlangoni. Akavua viatu vyake vya misa, akavipanga pamoja kando ya ukuta. Ukutani mwa shimo kulikuwa na vidato vya kukanyagia. Akashuka, kilemba chake kikazama, na watu wakaanza kurudi pole pole hadi dirishani.

"Maman Colombe, unaona nini?"

"Udongo."

"Mifupa iko?"

"Nimesema udongo."

"Angalia muzuri!"

"Shuka uangalie weye!"

Mtu akacheka, akanyamazishwa. Kisha sauti ya Colombe ikapanda tena, ya chini zaidi. "Iko mawe ya musingi. Imepasuka. Iko vioo, imebandikwa hapa kwa simenti."

"Vioo ya nini?"

"Sijue. Yote imevunjika."

Hapo Télesphore alikaa chini, sakafuni, mbele ya kapita, kama mtu aliyeambiwa aweke mzigo. Akasema. Alisema ufa, mvua, vioo vya kwanza na vya pili, na kwamba hivi vya mwisho vimevunjika kiangazi, bila hata tone la maji. Mteremko wote unashuka. Nyumba yake itaangukia kwa Jean-Baptiste, na ya Jean-Baptiste kwa wanaofuata, hadi kijitoni. Mvua za mwezi wa tisa zikianza watu wasiwe ndani. Akasimulia hata Abisinia, jambo ambalo Kadutu ilikuwa haijawahi kulisikia, hadi lile bakuli.

Walimsikiliza vizuri sana. Kisha Xavier akakohoa.

"Abisinia iko mbali. Nani kati yetu alikuwa kule?"

Hakuna aliyekuwa kule.

"Papa Plan," akasema Jean-Baptiste, akichagua maneno, "weye njo ulituambia tujenge hapa."

"Ndiyo."

"Na sasa weye njo unatuambia tutoke hapa."

"Ndiyo."

"Na tukitoka, hii parcelle yetu, Muzungu wako atafanya nayo nini?"

Loo! Hapo ndipo mji mzima ulipoelewa. Fimbo zilishuka, na nyuso zikapata mwanga wa mtu aliyepata jibu. Si mutumbula, ni mbaya kuliko mutumbula: ametumwa kusafisha mteremko. Kesho mtaona seng'enge, keshokutwa baraza linalotazama ziwa. Kwamba kutoka pale ziwa halionekani, hilo halikumsumbua mtu. Vioo? Vioo mtu yeyote anavunja kwa nyundo.

Wakati huo Colombe alikuwa ametoka shimoni, udongo hadi viwikoni. Alisimama mbele ya mume wake.

"Udongo ya hili shimo, uliipeleka wapi?"

Télesphore alitupa jicho uani.

"Télesphore. Jiko yangu?"

"Ni udongo muzuri," akasema taratibu. "Nilichagua."

Hata wenye fimbo walicheka. Colombe hakucheka. "Ulinilaza na mutoto juu ya shimo, ukanifurahisha na jiko. Miye niliwaza uko na mwanamuke. Kumbe mwanamuke ingekuwa afazali!"

Xavier, ambaye aliona hasira ya mtaa imelainika na hakutaka ipotee bure, akatoa hukumu. Shimo lijazwe leo hii. Likijazwa, maneno yamekwisha, Papa Télesphore anabaki mutu wa Kadutu kama wengine. Lisipojazwa, aondoke leo leo, na vitu vyake vitamfuata njiani.

Na je, mnajua kilichofuata? Walimsaidia. Wanaume wale wale waliweka fimbo chini, wakachukua mabeleshi, wakaleta udongo wa kijitoni kwa vikapu, wakashindilia kwa miguu wakiimba. Mtu akaleta kasiksi. Jean-Baptiste alimpiga Télesphore begani, akasema mambo ya vita huingia kichwani, hata mjomba wake alirudi kutoka jeshini anaogopa kuku. Jua lilipokuwa linateremka kitanda kilirudishwa mahali pake na watu wakamtania Colombe kuhusu usingizi wa leo. Télesphore alikunywa nao. Kwa majuma mengi hakuna mtu aliyekuwa amemgusa bega. Angenyamaza tu, angebaki na nyumba, na mtaa, na jina la Papa Plan, na mvua zingekuja zikafanya zilichotaka.

Jumatatu asubuhi hakwenda ofisini. Alisimamisha ngazi, akapanda juu ya paa na nyundo, akaanza kung'oa misumari.

Colombe alitoka jikoni. "Unafanya nini?"

"Nabomoa."

"Walikuambia ubaki!"

"Colombe, jana walinijazisha masikio yangu na udongo. Macho bado ninayo. Sitaacha mutoto alale hapa siku mvua inaanza." Aling'oa msumari mwingine, akauweka mdomoni. "Hawaamini mudomo yangu. Wako na haki. Niliwadanganya kwa kunyamaza, na mbele ya hapo niliwadanganya kwa kujenga. Nimebaki na nyumba tu ya kuwaonyesha."

Colombe aliweka mikono kiunoni. Alikuwa bado na hasira, na hasira hiyo ilimkaa hadi Krismasi. Lakini bati la kwanza, njanja kama tunavyoliita, lilipoteremka likiyumba, aliinua mikono akalipokea.

Sauti ya manjanja yakivuliwa inasikika mbali. Watu walikusanyika tena, safari hii bila fimbo, mikono imekunjwa kifuani. Walitazama kama mtu anavyotazama mchezo wa karata wa mgeni.

"Amepewa nyumba Nguba," akasema mmoja.

"Ile ya vyumba vya kuogea."

"Njo maana anabomoa bila kulia. Angalia, hata halii."

Xavier akafika, akasimama chini ya ngazi. "Papa Télesphore, unatoka? Unahamia wapi? Muzungu amekupa nini?"

"Kavumu," akajibu Télesphore kutoka juu, misumari mdomoni.

"Kavumu kuna nini?"

"Kwa mama mukwe."

Nyundo peke yake ilisikika.

"Kwa mama mukwe... kulala?" akauliza Jean-Baptiste.

"Kulala. Na kula."

Mnaotoka mbali pengine hamwelewi uzito wa neno hili. Kwa Bashi, watu wetu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake wanakwepana. Akimwona njiani anainamisha kichwa, anapita kwenye nyasi. Hatafuni mbele yake. Kwenda na kitanda chako, watoto wako na sufuria zako kuishi uani kwake, kumsikia anakohoa usiku naye anakusikia unakoroma, ni aibu ambayo mtu mzima haivai bila kushikiwa bunduki. Na huyu alikuwa askari mwenye kazi ya kalamu, mwenye nyumba yake mwenyewe. Atapanda lori la mboga kila alfajiri kuja ofisini, na jioni atarudi kwa mama mkwe. Ukihongwa na Mzungu, utakuwa umehongwa vibaya namna gani hata ufikie hapo?

"Anadanganya," akasema Xavier, lakini sauti yake ndefu ilikuwa imepungua.

"Colombe," akauliza Bibiane, "ni kweli?"

"Ni kweli. Asubuhi hii nimetuma habari kwa mama," akasema Colombe, akilaza bati juu ya mengine. "Miye mwenyewe sijue nitaweka uso wapi."

Watu walianza kutawanyika, kila mmoja akisema jambo la kwake. Wengine walisema vita kweli ilimharibu. Wengine walisema ngoja, atarudi kabla ya Noeli kudai parcelle. Mtu mmoja wa mtaa wa juu alibaki nyuma akamwuliza Xavier kwa sauti ya chini kama parcelle ile sasa iko wazi. Hakuna aliyesema Télesphore ana haki. Yeye naye hakumwita mtu. Aliendelea kung'oa, safu kwa safu, mpaka chumba kile chenye kitanda kikawa wazi kwa jua, na ufa ukutani ukaonekana hadi njiani, umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye boriti.

Jean-Baptiste alikuwa hajaondoka. Alisimama mlangoni kwake, chini, akiutazama ufa ule, kisha ukuta wa nyumba yake, kisha ufa tena. Bibiane alimwita kula, hakwenda. Akamwita mara ya pili. Baada ya saa sita akaingia ndani, akatoka na nyundo ya mkewe ya kuvunjia makaa ya jiko, akapanda juu ya paa lake bila kumwangalia mtu, hata Télesphore aliyekuwa pale juu karibu amguse.

Alifanya kazi mpaka jioni. Aling'oa manjanja ya upande wa kwanza, ule wa chumba cha watoto, akayapanga vizuri mbali, ng'ambo ya kijito. Ya upande wa pili aliyaacha. Akakaa juu yake, nyundo mapajani, akimtazama Télesphore anafunga mizigo, aone kama anacheka kwamba amemdanganya.